Tundu Lilitangulia, Mfuko Ukachelewa

Mwaka 1795, huko Ufaransa, mkulima mmoja alichomwa na kipande cha mti alipokuwa akipakia mkokoteni. Daktari aliyeitwa Daguesceau akamtoboa karibu na kinena, akautoa utumbo mpana nje ili choo kipitie hapo. Mkulima yule akapona. Choo chake alikikinga kwa kimfuko cha ngozi, na aliishi hadi miaka 81.

Upasuaji huo, ambao leo huitwa kolostomi, ulikuwa bado mchanga. Daktari Alexis Littré alikuwa ameupendekeza mwaka 1710, na miaka miwili tu kabla ya ajali ya mkulima, daktari Duret wa mji wa Brest aliutumia kumwokoa mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Madaktari walikwisha kujua namna ya kuokoa uhai. Kumrudisha mtu shambani au dukani, akae na wenzake bila kuogopa harufu wala kuvuja, hilo aliachiwa mgonjwa mwenyewe, na matambara na mikanda yake, kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Wachache waliweza kuibadili kazi ifuate mwili. Mchoraji Henri Matisse alifanyiwa upasuaji huo mjini Lyon Januari 1941, akiwa na miaka 71. Kusimama mbele ya turubai kukawa taabu, basi akashika mkasi: akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu alikata karatasi zilizopakwa rangi, akazalisha baadhi ya kazi zake zinazopendwa zaidi. Lakini Matisse alifanyia kazi nyumbani, akiwa na wasaidizi. Karani wa benki angefanya nini?

Jibu lilitoka kwa muuguzi. Mwaka 1954, nchini Denmark, Elise Sørensen alimwona dada yake Thora, aliyekuwa na saratani ya utumbo, akijifungia ndani baada ya kupasuliwa. Jeraha lilikwisha kupona. Kilichomzuia ni hofu ya kuaibika mbele za watu. Elise akabuni mfuko mwepesi wa plastiki wenye pete ya gundi ya kushika ngozi, unaotumika na kutupwa. Aage Louis-Hansen, mwenye kiwanda cha plastiki, alipoombwa kuutengeneza alisita. Mkewe Johanne, muuguzi naye, alielewa mara moja na akamsihi mumewe akubali. Mwaka 1955 mifuko 1,000 ya kwanza ikatengenezwa, na miaka miwili baadaye kampuni ya Coloplast ikazaliwa.

Marekani nako, mwaka 1958, daktari Rupert Turnbull wa Cleveland alimwajiri Norma Gill, aliyewahi kuwa mgonjwa wake, awafundishe wengine kutunza tundu. Huu ulikuwa uamuzi wa busara mno: anayefundisha kuvaa mfuko ni anayeuvaa.

Mfuko ulimrudisha kazini hata mwanamichezo. Rolf Benirschke wa San Diego Chargers, timu ya mpira wa Kimarekani, alipiga mpira upite kati ya nguzo. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mwaka 1979 ugonjwa wa utumbo mpana ulimkondesha vibaya, akapasuliwa, na tundu lake likawa la utumbo mwembamba. Msimu wa 1980 alirudi uwanjani, mfuko chini ya jezi. Tarehe 2 Januari 1982, mjini Miami, mchezo ukiwa sare 38–38 katika muda wa nyongeza, aliitwa apige. Mpira ukapita.