Kutuma fedha kati ya akaunti za benki: Yanayopaswa kuzingatiwa Mbeya na Iringa

WAFANYABIASHARA wa mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vya Uyole, mbao za Mufindi na nyanya za Ilula wana jambo moja linalowaunganisha: malipo yao hutoka kwa mnunuzi aliye mbali. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu iendayo Zambia, na kwa miaka mingi fedha zilisafiri njia hiyo mfukoni mwa mwenyewe, kwa kondakta wa basi au kwa hawala ya posta.

Hali hiyo imebadilika. Hata hivyo, muamala unaokamilika kwa sekunde chache huweza pia kupoteza mtaji wa msimu mzima kwa sekunde hizo hizo. Makala haya yanaeleza njia zilizopo na tahadhari zake.

Zilikotoka huduma hizi

Mwaka 2004 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilianzisha mfumo wa TISS, unaohamisha fedha kati ya benki na benki. Mfumo huo hutumika zaidi kwa malipo makubwa.

Mwaka 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya huduma hiyo kuanza Kenya. Kampuni nyingine zilifuata. Awali aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine alipokea namba ya siri na kulazimika kumtafuta wakala wa mtandao huo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ziliunganisha huduma zao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tigo Pesa imekuwa ikiitwa Mixx by Yas tangu mwishoni mwa mwaka 2024.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 iliziweka huduma hizi chini ya usimamizi wa BoT. Baadaye Benki Kuu ilijenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaoziunganisha benki na kampuni za simu mahali pamoja. Kwa mfumo huo, mwenye akaunti benki moja anaweza kumtumia mwenye akaunti benki nyingine, au mwenye simu, usiku na mchana.

Namna ya kutuma

Mteja husajili kwanza huduma ya benki kwa simu katika tawi lake. Asiye na simu ya kisasa hupiga namba ya huduma: *150*66# kwa wateja wa NMB na *150*03# kwa wateja wa CRDB. Mwenye simu ya kisasa hutumia programu ya benki yake.

Hatua hufanana karibu kila mahali. Chagua kutuma fedha, taja benki ya mpokeaji, ingiza namba ya akaunti na kiasi, kisha soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Hatua hii ya jina ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Tarakimu moja ikikosewa, fedha huenda kwa mtu usiyemjua.

Linganisha pia gharama. Anayepokea kwa simu hukatwa tena anapotoa fedha kwa wakala, ndiyo maana wengi huomba watumiwe "na ya kutolea". Anayepokea katika akaunti na kulipia bidhaa humo humo huepuka makato hayo.

Fedha zikienda pasipo

Piga simu mara moja kwa benki au kampuni uliyotumia, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala. Kadiri unavyochelewa, ndivyo uwezekano wa kuzikuta fedha unavyopungua, kwa kuwa mpokeaji akishazitoa hakuna salio la kuzuia. Usiridhike na ahadi ya mdomo. Omba namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinakuruhusu kupeleka lalamiko BoT, yenye tawi jijini Mbeya.

Matapeli

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewaliza wengi, kwa sababu hufika wakati mtu kweli anadaiwa. Dawa yake ni moja: mpigie mdai wako kwa namba unayoifahamu. Wengine hutuma ujumbe wa uongo wa malipo, kisha huomba "warudishiwe". Mkulima asipakie gunia kwa kuonyeshwa ujumbe. Aangalie salio lake kwanza.

Namba za matapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Kwa kupiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usizozitambua uzikane kwa kampuni husika.

Namba ya siri haiombwi na mfanyakazi yeyote wa benki wala wakala. Anayeiomba, hata akikutaja kwa jina kamili, ni mwizi.