Yeye ni Yeye, Ila Nguo Inasema: Historia ya Nywele, Kanga na Kubadili Jinsia Unguja

Kiswahili kina jambo moja ambalo wazungumzaji wake wengi hawalioni kwa sababu wamelizoea. Mama ni yeye, baba ni yeye. Mtu anaweza kusimulia kisa kizima cha jirani wa Matemwe, kaenda pwani, karudi, kala, kalala, na msikilizaji asijue kama jirani ni mwanamume au mwanamke.

Ila jirani huyo akipita tu njiani, swali limekwisha. Kiunoni ana kanga au msuli? Kichwani mtandio au kofia? Kidevu kina ndevu au kimelala? Kazi ambayo lugha imeikataa, Unguja imezipa nguo na nywele.

Ndiyo maana kwa watu waliobadili jinsia, transijenda kama wanavyoitwa mitandaoni, safari mara nyingi haianzii hospitali wala mahakamani. Inaanza na wembe na kabati la nguo. Na ndiyo maana wenye mamlaka nao, kila walipotaka kuwarudisha watu "mahali pao", walianzia hapo hapo.

Malaika wa mkononi

Tuanze na nywele. Kwenye Kiswahili, vile vinywele laini vya mkononi na shingoni vinaitwa malaika. Jina zuri, lakini bibi harusi wa pwani hawaachi hao malaika wakae. Kabla ya harusi anakabidhiwa kwa somo au kungwi, mama mtu mzima anayemfunda mambo ya ndoa. Mwili unasafishwa, nywele zinatolewa, anasuguliwa singo mpaka ngozi inang'aa, kisha inakuja hina na piko. Nchi nyingi za Kiarabu zina dawa yao ya jikoni: sukari na maji ya ndimu vinapikwa mpaka vinatoa ulimbo, unapakwa, unavutwa, na machozi yanakutoka.

Dini nayo ina neno lake. Mtoto wa madrasa anafundishwa mapema kwamba kunyoa kwapa na sehemu za siri, kukata kucha na kupunguza sharubu ni usafi wa Muislamu, awe mwanamume au mwanamke. Kutinda nyusi ni kesi nyingine. Masheikh wengi wanakataza, masaluni yanaendelea kutinda.

Kwa hiyo Unguja kutoa nywele si jambo la kigeni hata kidogo. Kinachohojiwa ni nani anazitoa, wapi, na anajiandaa kuwa nani. Bibi harusi akitolewa malaika watu wanapiga vigelegele. Kijana aliyelelewa kama mvulana akifanya yale yale kwenye choo cha nyumbani, mlango umefungwa na bomba limefunguliwa ili wembe usisikike, anafanya kwa hofu.

Aliyezaliwa Mtumwa akawa Siti

Sasa nguo. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar. Kabla ya hapo ungemjua mtumwa kwa mbali. Mwilini ana merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki, kitambaa cheusi cha bei rahisi. Kujifunika kichwa ilikuwa alama ya muungwana. Mtumwa wa kiume kuvaa kofia na viatu kama bwana wake? Thubutu.

Amri ilipotoka watu hawakusubiri karatasi iwabadilishe. Walikwenda dukani. Wanawake waliokuwa watumwa wakaacha kaniki wakavaa kanga, nguo iliyokuwa ndiyo kwanza imeshika pwani mwishoni mwa karne ya 19. Miaka ikasonga, wakachukua na buibui. Mabwana wa zamani walinung'unika: sasa utamjuaje nani ni nani? Na hilo ndilo lilikuwa lengo. Watu walitaka wasijulikane tena kwa jicho la bwana.

Mfano mkubwa anajulikana na kila mpenzi wa taarab. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akapewa jina Mtumwa. Akiwa msichana aliuza vyungu. Akahamia mjini 1911, akajifunza kuimba, na 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Dunia ilimjua kwa jina jipya: Siti binti Saad. Kutoka Mtumwa hadi Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Siti hakubadili jinsia, tusichanganye mambo. Alibadili hadhi. Lakini njia aliyopita ni ile ile: jina jipya, nguo mpya, na kuwalazimisha watu wakuone ulivyo badala ya ulivyopangiwa. Unguja iliijua njia hiyo zaidi ya miaka mia iliyopita.

Nguo ya katikati

Tuvuke bahari kidogo, maana historia ya Unguja na ya Oman zimefumwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti wa Norway Unni Wikan aliishi Suhar, mji wa pwani ya Oman. Huko alikuta watu wanaoitwa khanith. Neno hilo wasomaji wa pwani wanalijua kwa sura nyingine, hanithi, na kwa kawaida si la sifa. Mwaka 1977 Wikan aliandika kwamba mji ule, wenye wanaume wazima kama 3,000, ulikuwa na khanith wapatao 60.

Maelezo yake ya mavazi ndiyo utamu wenyewe. Mwanamume alivaa kanzu nyeupe. Mwanamke alivaa nguo za rangi kali zenye maua. Khanith alivaa kanzu ya kiume kwa mshono, lakini ya rangi laini isiyo na maua, na imebana kiunoni. Mwanamume alikata nywele fupi, mwanamke aliziacha ndefu, khanith alikuwa na za kadiri. Mwanamume alichana kurudi nyuma. Mwanamke alipasua njia katikati. Khanith alipasua njia pembeni, akazilaza mbele na kuzipaka mafuta mengi. Mwanamume na mwanamke wote walifunika kichwa, yeye alikiacha wazi.

Kwa nini katikati? Kwa sababu kuvaa nguo za kike kamili kulikuwa na adhabu. Basi wakatengeneza lugha yao kwa rangi na kitana. Na jamii ikaisoma: walikaa na wanawake, waliingia walikokatazwa wanaume, waliimba kwenye harusi. Khanith wa wakati ule si lazima awe sawa na transijenda wa leo, lakini shida ya asubuhi mbele ya kioo ni moja: nivae nini kinachosema kweli bila kunifikisha jela?

Mlango huo ulikuja kubanwa. Sheria ya jinai ya Oman ya mwaka 2018 inampa mwanamume anayeonekana kwa mavazi ya kike kifungo cha mwezi mmoja hadi mwaka mmoja, au faini ya rial 100 hadi 300, au vyote viwili.

Upande wetu wa bahari nako kulikuwa na nafasi za katikati. Neno shoga lenyewe, kabla halijawa tusi, lilikuwa mwanamke anavyomwita rafiki yake wa kike, na akina mama wa Unguja bado wanaitana hivyo: "Shoga, umeamkaje?" Kwenye ngoma za kibuki mjini, pepo wa kiume anampanda mwanamke, naye anavaa na kunena kiume mbele ya hadhara, na hakuna anayemwita polisi. Ngoma ikisha, watu wanarudi majumbani.

Mkasi wa serikali

Kama nguo inasema, basi atakayetaka kuwanyamazisha watu ataigusa nguo. Oktoba 1968 vijana wa TANU Dar es Salaam walitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969 marufuku minisketi, mawigi, suruali za kubana na mkorogo. Visiwani, katika miaka ya baada ya Mapinduzi, vijana nao walisakwa kwa suruali za bugaluu na nywele ndefu. Hoja ilikuwa utamaduni na heshima ya taifa.

Angalia orodha hiyo tena. Nywele za mwanamume zikiwa ndefu ni kosa. Wigi la mwanamke ni kosa. Suruali ikibana ni kosa, ikipanuka nayo ni kosa. Wazee waliopigwa marufuku bugaluu enzi hizo, baadhi yao leo ndio wanaowafokea wajukuu kwa suruali za kuchanika. Kila kizazi kina mkasi wake.

Ndevu hazisikii bembelezo

Turudi mwilini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama. Ndevu zikishaota wakati wa kubalehe, hazirudi ndani. Hata anayetumia homoni za kike chini ya daktari, nywele za mwili huweza kupungua na kulainika, lakini ndevu zinabaki. Ndiyo maana kwa mwanamke aliyelelewa kama mvulana, uso huwa kazi ya mwanzo na ya mwisho kumalizika.

Wembe ni rahisi na unapatikana duka lolote la Matemwe. Ila ndevu za kujikunja, kama zetu wengi, zikinyolewa karibu sana zinageuka na kuchoma ngozi kutoka ndani. Vinatokea vipele, vinaacha madoa meusi, na madoa yanasema kile kile ulichotaka kuficha. Kuvuta kwa sukari kunachelewesha nywele kuota, lakini nako huweza kuziacha zikaota kwa ndani.

Dawa ya kudumu ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1875 daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, Charles Michel, aliandika jinsi alivyotumia sindano yenye umeme kuua kope zilizoota kuelekea jichoni. Mbinu hiyo, elektrolisisi, inaua unywele mmoja mmoja kutoka kwenye mzizi, kwa ngozi ya rangi yoyote. Hesabu mwenyewe ndevu za uso mzima: ni kazi ya miezi hadi miaka.

Leza ni ya haraka zaidi, lakini ina mtego. Mwanga wake unatafuta rangi nyeusi ya unywele, na ngozi nyeusi ina rangi hiyo hiyo. Mashine isiyofaa inaweza kuunguza. Kwa ngozi nyeusi wataalamu hutumia leza inayoitwa Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanometa 1064, ambayo inapita juu ya ngozi kwa usalama zaidi na kufika chini. Mwenye saluni asiyejua kujibu mashine yake ni ya aina gani, uso wako usimkabidhi.

Kwa waliozaliwa wakiitwa wasichana, safari inakwenda kinyume: wanasubiri kidevu kiote. Kanzu pana inawasitiri, maana haichori mwili. Lakini kujifunga kifua kwa bandeji kali ni hatari, inabana mbavu na pumzi.

Matemwe, leo

Matemwe ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kwenye pwani ya kaskazini mashariki, kisiwa cha Mnemba kikionekana mbele. Maji yakitoka, akina mama wanashuka kwenye mashamba ya mwani na kanga zao. Pembeni kuna hoteli, na mgeni anapita na chupi ya kuogelea. Mgeni anaambiwa ajifunike akiingia kijijini, kisha anaondoka na ndege yake. Mtoto wa kijijini hana ndege. Kila nguo yake inajulikana ilinunuliwa wapi, na kila unywele una shahidi.

Hatari si ya kufikirika. Mwaka 2004 Zanzibar ilibadilisha sheria yake ya jinai na kutaja wazi mahusiano ya wanawake kwa wanawake, baada ya yale ya wanaume kuwa kosa tangu ukoloni. Novemba 2018, Pongwe, pwani hiyo hiyo kusini ya Matemwe, polisi waliwakamata wanaume 10 kwa tuhuma za harusi ya jinsia moja. Kubadili jinsia si sawa na kupenda jinsia yako, lakini njiani hakuna anayesimama kukuuliza tofauti. Wanatazama nguo, wanahukumu.

Karatasi inaweza kubadilika mahali pengine. Oktoba 2014, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua na kuondoa alama ya jinsia. Matemwe hakuna aliyepata hukumu kama hiyo, kwa hiyo watu wanafanya kama walivyofanya khanith wa Suhar: wanatafuta cha katikati. Ndani ya nyumba kanga inavaliwa bila maswali, maana hata mababa hujifunga kanga za wake zao usiku. Nywele zinaachwa ziote kidogo. Malaika wanaondoka mkononi, na asiyetazama karibu haoni. Dera linasubiri siku ya kwenda mjini, kwenye vichochoro ambako hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani.

Aliyetupa kaniki akavaa kanga 1897 aliambiwa anajifanya. Leo kanga hiyo hiyo inaitwa utamaduni, na inatumika kumwambia mwingine kwamba anajifanya. Lugha yenyewe haijawahi kudai jibu hilo. Mpaka leo, Matemwe nzima ikimsimulia, inasema: yeye.