Neno "gemu" limebebeshwa mizigo mingi

Tabora ni mji wa misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na Kiswahili. Katika Kiswahili hicho kuna neno nisilochoka kulitafakari: mtaji. Kwa mfanyabiashara ni mali ya kuanzia. Kwa mcheza bao ni nafasi ya kula kete za mwenzake. Ukikosa mtaji unatakata, yaani unazungusha kete zako bila kula. Bao lina mashimo 32 na kete 64 tu, lakini karibu kila hatua ya akili ndani yake imepewa jina.

Kijana wa leo akishika pedi ya pleisteshen, jina ni moja: gemu. Mpira ni gemu, vita ni gemu, kupanga matofali yanayoshuka ni gemu. Kisha mzazi anauliza kama gemu zinaharibu akili. Ni kama kuuliza kama chakula kinaumiza tumbo: inategemea ni kipi.

Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapa watu wasio wazoefu saa moja ya kucheza kila siku kwa siku 10. Kundi moja lilicheza Medal of Honor, mchezo wa vita, jingine Tetris, ule wa matofali. Waliocheza vita waliongeza uwezo wa kunasa kwa jicho kilicho muhimu katikati ya vingi. Wa Tetris hawakupata faida hiyo.

Uwezo huo tuuiteje? Wengi wataandika "umakini". Mimi nakataa. Mtu makini ni mtulivu, aliyetua, kama mzee anayehesabu kete moyoni kabla ya kugusa shimo. Mcheza vita wa skrini hakutua. Jicho lake linaruka na kuchagua. Huo ni wepesi wa jicho, na hautoi ahadi yoyote kuhusu subira ya kusoma kitabu. Tukiuita umakini, tutamdanganya mwalimu na mzazi.

Mzazi wa Tabora, usimuulize mwanao tu anacheza gemu kwa saa ngapi. Kaa naye, muulize anacheza ipi, na humo ndani anafanya nini.