Vyeti vya Dawa na Bima ya Uingereza

Kabla ya mwaka 1913, mfanyakazi wa Uingereza aliyekwenda kwa tabibu wake aghalabu alirudi na chupa ya dawa iliyochanganywa humohumo kwa tabibu, na thamani yake imo ndani ya ujira aliolipa. Lakini sheria ya bima ya taifa, iliyopitishwa mwaka 1911 kwa juhudi za waziri Lloyd George na matibabu yake kuanza 1913, ilizitenga kazi hizo mbili, tabibu akabakiwa na kalamu, mwenye duka la dawa akakabidhiwa mizani, na baina yao ikaingia karatasi, yaani cheti cha dawa.

Karatasi hiyo ilikuwa na kazi yake. Jioni, wateja wakiisha kuondoka, mfamasia aliketi na vyeti vya siku nzima. Na pale tabibu aliposahau kutaja kiasi cha dawa, ilimlazimu aandike pembeni kile alichokitoa hasa, maana karani wa kukadiria bei, aliyehesabu kila kiungo, hakukijua kisichoandikwa. Malipo nayo hayakuwa na hakika. Kwa kila mwenye bima ilitengwa shilingi 1 na peni 6 kwa mwaka kwa ajili ya dawa, pamoja na peni 6 za akiba, ambazo zilimwendea mfamasia gharama zikizidi, na tabibu zisipozidi. Na katika baadhi ya miji fungu lilipopungua, hesabu za mfamasia zilikatwa, ilhali mgonjwa amekwisha kuinywa dawa yote. Hiyo, kwa rai yangu, ilikuwa dhuluma, kwani hatari ya bima alibebeshwa mtu asiyekuwa na uwezo wa kuamua tabibu aandike nini.

Huduma ya afya ya taifa ilipoanza Julai 1948, vyeti vilipanda kutoka kama milioni 7 kwa mwezi hadi milioni 13.5 kufikia Septemba, na ofisi za kukadiria bei zikalemewa. Mwaka 1952 ikawekwa ada ya shilingi moja kwa kila cheti, naye mfamasia akageuzwa mtoza ada wa serikali. Mwaka 1956 ada ikahesabiwa kwa kila dawa, mwaka 1965 ikafutwa, na mwaka 1968 ikarudishwa pamoja na misamaha ya watoto, wazee, wajawazito na wenye maradhi fulani, hata ikawa kila mwenye kusamehewa alitia sahihi nyuma ya cheti palepale dukani, huku foleni ikingoja.