Ukili wa Shangazi

Marehemu shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Siyu katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika zamani kwa mafundi wake wa ngozi na kwa makatibu walionakili Misahafu kwa hati za fahari. Walakini mimi, kila niusikiapo ukitajwa, huviona kwanza vidole vyake vikipishana juu ya miyaa iliyolowana.

Baada ya sala ya alasiri alikuwa akiketi barazani, akiyapasua majani kwa ukucha wa kidole gumba na kuyachovya katika bakuli la maji yasije yakakatika, kisha akasuka ukili wa upana wa vidole vitatu pasipo kuutazama, maana uso wake alikuwa ametuelekezea sisi watoto, akituhadithia habari za mitepe. Chombo hicho, kama alivyopokea kwa wazee wake, hakikujua msumari: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, gubeti lake likachongwa mfano wa kichwa cha ngamia, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka wa miyaa. Ustadi huo ni wa kale mno, kwani kitabu cha baharia wa Kiyunani cha yapata karne ya 1 kimekwisha kutaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ikashindwa na majahazi ya misumari na matanga ya nguo. Ukili ukabaki majumbani, ukashonwa mikeka na misala, nami naona si haki kuuita kazi ndogo ya wanawake ufundi ambao hapo kale ulishika upepo wa kaskazi.

Siku moja nilimwomba anifundishe. Ukili wangu ulikwenda upogo, hapa mwembamba, pale umevimba, nikataka kuutupa.

"Lete, mwanangu," akaniambia, akatwaa shazia, akaushona pembeni mwa msala aliokuwa akiutengeneza kwa ajili yake mwenyewe, kati ya kili zake zilizonyooka kama mstari wa katibu.

Msala huo aliusalia miaka mingi. Alipofariki nilipewa mimi, na kila nisujudupo, mkono wangu wa kushoto huangukia pale palipovimba.