Mannlicher-Schönauer (bunduki fupi)

Mannlicher-Schönauer ni bunduki fupi ya bolti iliyoanza kutengenezwa Steyr, Austria, mwaka 1903. Mtutu wake una milimita 450 tu, na ubao wa kitako huufunika hadi mdomoni. Magazini yake ya kuzunguka hubeba risasi 5 za milimita 6.5, nyembamba, ndefu na zenye kupenya mno. Mwindaji W. D. M. Bell alitumia risasi hizo kuulia tembo, jambo lililohitaji shabaha kali na lisilopaswa kuigwa. Mwandishi Ernest Hemingway, baada ya safari yake ya 1933–34 kaskazini mwa Tanganyika, aliiweka bunduki hii mikononi mwa mhusika Margot Macomber katika hadithi ya 1936.

Kreta ya Ngorongoro, huko huko kaskazini, nayo ina historia yake ya bunduki za bolti. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu Adolf na Friedrich Siedentopf, Wajerumani, walifuga ng'ombe ndani ya kreta. Baadaye mashamba yao yalishikwa na Sir Charles Ross, ambaye ndiye mbunifu wa bunduki ya bolti ya Ross ya Kanada. Mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku ndani ya kreta, isipokuwa kwenye mashamba hayo. Leo hauruhusiwi kabisa kwa watalii wala wenyeji, na ni haki.

Mkazi wa Karatu, jirani na Ngorongoro, anayerithi silaha kama hii huhitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kuwinda kwataka kibali kingine, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kwa nyati, milimita 6.5 haitoshi.