Zamu ya Hori: Jinsi Wafugaji wa Garissa Walivyozuia Vita vya Maji

Katika ua wa nyumba nyingi za Waberi, mjini Garissa, mbuzi waliokua pamoja hulala wamebanana ubavu kwa ubavu. Karai la pumba likitua chini, mapenzi hayo husahaulika. Mwenye pembe ndefu huinamisha kichwa, hugeuza bega, kisha humsukuma mwenzake hadi ukutani. Mwenye mbuzi hapotezi muda kuwachapa. Huleta karai la pili na kuliweka upande wa pili wa ua, ambako mnyonge anaweza kula akiwa amempa mkubwa wake kisogo.

Dawa hiyo ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kabla ya mabomba na pampu, wafugaji wa Kaskazini Mashariki walikuwa na ugomvi mkubwa zaidi wa kuzuia: mamia ya wanyama wenye kiu mbele ya hori moja. Ngamia aliyekaa siku kumi bila maji anaweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Ng'ombe hawezi kungoja hivyo, na mbuzi hupenya chini ya matumbo ya wakubwa. Kundi lote likiachiliwa kwa pamoja, wenye nguvu hunywa, ndama na wenye mimba hukanyagwa, hori hubomoka, na maji yaliyotekwa kwa jasho humezwa na mchanga.

Ndiyo maana kisima kilikuwa na kanuni. Kundi lilisimamishwa mbali, mahali ambapo lingeweza kunusa maji bila kuyafikia. Mchungaji aliwatoa wanyama wachache kwa wakati, akawaita, wakanywa, wakaondolewa upande mwingine, ndipo wengine wakaitwa. Katika visima virefu vya Waborana, vijana walisimama ngazi juu ya ngazi wakipokezana ndoo kwa kuimba, na wimbo ndio uliolinda mwendo wa mikono. Nao Wasomali wana nyimbo zao za kunywesha ngamia. Wanyama huzizoea sauti hizo na hutulia kusubiri.

Ugomvi wa wanyama ulikuwa pia ugomvi wa watu. Pembe mbili zikigongana horini, wenye mifugo nao waliweza kushikana. Kwa hiyo Waborana walimpa mtu mmoja, abba herega, yaani baba wa zamu, kazi ya kupanga kundi gani linywe siku gani. Kwa Wasomali, ukoo uliochimba kisima ulikuwa na haki ya kwanza, lakini mgeni aliyeomba kwa adabu aliweza kupangiwa zamu yake baada ya wenyeji. Kwenye Mto Tana, ambako maji hayahitaji kuchimbwa, kilichogawanywa ni njia: malka, mapito ya mifugo yanayokata katikati ya mashamba hadi ukingoni.

Utawala wa Kiingereza uliukuta mpango huu, nao ukautumia kwa namna yake. Mwaka 1912 ulifungua kituo Wajir, penye visima. Sheria ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu iliupa uwezo wa kuliwekea kila kabila mipaka ya malisho. Zamu iliyokuwa ikijadiliwa chini ya mti ikawa mstari kwenye ramani, na mvua haikuujua mstari huo. Vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hili lijitenge na Kenya, vilipofuata, watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi kuanzia 1966, mifugo mingi ikafa kwa kukosa nafasi ya kuhama.

Miaka ya 1970 ilikuja na visima vya mashine na mabwawa ya kuchimbwa. Maji yakaongezeka, lakini ugomvi ukabadili sura. Kisima kisichokauka huita makundi ya mbali, nyasi zinazokizunguka huisha, na pampu ikizimika saa mbili tu, foleni ya nyuma husukuma ya mbele. Palepale wazee wakarudi kwenye kanuni ya zamani: kundi lisimame mbali, hori lirefushwe ili vichwa vingi viingie bila kugusana, wanyonge wapewe mwanya wao. Kamati za watumiaji wa maji leo hutoza ada kwa kichwa cha mnyama na kupanga zamu kwa daftari, lakini anayesimama horini bado ana fimbo mkononi.

Huko mtoni malka zinazidi kubanwa na mashamba ya migomba na miembe. Pale njia inapozibwa, ng'ombe hupita shambani, na mkulima na mfugaji hukutana wakiwa tayari wamekasirika.

Uani Waberi, makarai mawili yamekwisha kulambwa. Mbuzi mwenye pembe ndefu anavuka ua kwenda kunusa la mwenzake, naye mnyonge anakuja kulinusa la mkubwa. Wanapishana katikati bila hata kutazamana, kisha wote wawili wanaenda kulala kivulini, mgongo kwa mgongo.